“Superfluous”: Neno la Kiingereza Linalomgusa Mfanyakazi



Katika ukurasa huu tumezoea kueleza mambo ya mishahara, mikutano na sheria za kazi. Safari hii tutaeleza neno moja tu la Kiingereza. Mtu anaweza kuuliza: chama cha wafanyakazi na kamusi vinahusiana nini? Jibu ni kwamba neno lenyewe limeandikwa ndani ya sheria, na linatumika katika barua za kuwaachisha watu kazi. Mfanyakazi asiyejua maana yake hutia sahihi jambo asilolielewa. Mimi mwenyewe shule yangu ni ya msingi tu. Kiingereza changu nimekiokota katika barua za waajiri na katika mikataba ya hali bora, nikiuliza neno moja moja. Kwa hiyo nitaeleza kama nilivyoelezwa mimi, polepole.

Neno hilo ni “superfluous”. Hutamkwa karibu na “supáflwas”, mkazo ukiwa kwenye “pa”.

Katika kiwanda kimoja nilichopata kukitembelea kwa kazi ya chama, wafanyakazi walipewa barua zilizosema kwamba huduma zao zimekuwa “superfluous”. Mzee mmoja wa idara ya ufungashaji alifurahi kidogo. Aliona herufi za mwanzo, “super”, akadhani anasifiwa, maana supa sote tunaijua: petroli ya supa ndiyo petroli bora. Kumbe barua ilikuwa inamwambia kwamba hahitajiki tena. Hatukumcheka, kwa sababu kosa si lake. Kosa ni la aliyemwandikia mtu wa Kiswahili habari ya riziki yake kwa neno ambalo hata Waingereza wengi hawalitumii nyumbani kwao.

MAANA YAKE

“Superfluous” ni neno la sifa. Husemwa juu ya kitu kilichozidi mahitaji, kitu ambacho kikiondolewa hakuna kinachopungua. Ukiwa na gari lenye magurudumu manne na gurudumu moja la akiba, hilo la akiba si “superfluous”, maana siku ya pancha litahitajika. Lakini ukipakia magurudumu kumi ya akiba, sita au saba kati yake unaweza kuyaita hivyo. Vivyo hivyo katika hotuba: msemaji akirudia jambo lile lile mara tano, maneno yake manne ni “superfluous”.

Kwa Kiswahili tunaweza kusema “ya ziada”, “iliyozidi” au “isiyo ya lazima”. Lakini tuangalie. “Ziada” ya Kiswahili mara nyingi ni neno jema. Ukoo wake ni mmoja na “zaidi” na “kuzidi”, na wote umetoka katika Kiarabu. Muuza karanga akikuongezea kidogo juu ya kipimo, hiyo ni ziada, nawe unashukuru. “Superfluous” haina shukrani ndani yake. Inasema: kimezidi, basi kiondolewe.

LILIKOTOKA

Waingereza hawakulitunga neno hili. Wamelichukua katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, na limo katika Kiingereza tangu miaka ya 1400. Kwa Kilatini “super” ni “juu”, na “fluere” ni “kutiririka”. Ukiyaunganisha unapata “kutiririka juu”, yaani kufurika. Ni ndoo iliyojaa mpaka maji yanamwagika ukingoni. Yale yaliyomo ndani ya ndoo yana kazi. Yale yanayomwagika ndiyo “superfluous”.

Msomaji anayejua Kiingereza kidogo atasema kwamba “fluere” inafanana na “flow”, neno la Kiingereza la kutiririka. Zinafanana kweli, na maana ni moja, lakini wanaochunguza asili ya maneno wanasema hazina mzazi mmoja. “Flow” ni neno la Waingereza wenyewe. “Fluere” ni ya Warumi.

Watoto wa “fluere” ni wengi. “Fluid” ni kitu cha majimaji. “Influenza”, homa ya mafua makali, ilipitia Kiitaliano. Watu wa zamani walifikiri ugonjwa huo unatokana na nguvu inayotiririka kutoka kwenye nyota na kuwaingia wanadamu. Na yuko mtoto mwingine ambaye wafanyakazi wanapaswa kumjua: “affluent”, yaani tajiri, mtu ambaye mali inamtiririkia.

Tazameni hapo, ndugu zangu. Tajiri na mfanyakazi asiyetakiwa wamepewa majina ya maji ya mto mmoja. Mmoja maji yanaingia kwake. Mwingine ndiye maji yenyewe, yanamwagwa nje.

NDUGU YAKE “REDUNDANT”

Neno hili lina ndugu mashuhuri kuliko lenyewe. Ni “redundant”, na kwa jina la tendo “redundancy”, ambalo katika viwanda vyetu tumelifanya la Kiswahili tukaliita redandansi. Nalo ni la Kilatini, nalo ni la maji. “Unda” ni wimbi. “Redundare” ni maji kujaa hata mawimbi yakarudi nyuma na kupita ukingo. Neno hilo hilo “unda” ndilo lililozaa “abundant”, yaani tele. Kwa hiyo wingi wa neema na wingi wa kufukuzwa vimetoka katika wimbi moja.

Kwa muda mrefu “redundant” lilisemwa juu ya maneno na vitu. Katika karne ya 20 Waingereza wakazoea kulisema juu ya watu kazini. Mwaka 1965 bunge la Uingereza lilitunga Sheria ya Malipo ya Redandansi. Iliwalazimisha waajiri kumlipa mfanyakazi anayeondolewa kwa sababu hiyo, akiwa ametumikia miaka 2 au zaidi, kwa kuhesabu miaka yake ya kazi. Hapo neno likawa na fedha ndani yake. Jambo hili ni muhimu. Neno ambalo mwajiri analitumia kukutoa ndilo hilo hilo linalokupa haki ya kudai.

LILIVYOINGIA KATIKA SHERIA ZETU

Kenya walirithi lugha ya sheria kutoka Uingereza. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inaeleza redandansi ni nini, na ndani ya maelezo hayo neno “superfluous” limo. Kwa ufupi inasema hivi: redandansi ni kupoteza kazi bila kupenda na bila kosa la mfanyakazi, kwa hatua ya mwajiri, pale ambapo huduma za mfanyakazi ni “superfluous”.

Someni tena maneno mawili hapo. La kwanza ni “bila kosa”. Mfanyakazi wa redandansi si mwizi, si mlevi, si mtoro. Akiondoka, cheti chake cha kazi kisipakwe tope, wala asikubali kuambiwa mbele ya wenzake kwamba alikuwa mvivu. Kama mwajiri ana kosa la kumshitaki mtu, basi aseme kosa na afuate njia ya nidhamu. Asichanganye njia mbili.

La pili ni “huduma”. Sheria haikusema mtu ni “superfluous”. Imesema huduma zake, yaani ile kazi aliyokuwa akiifanya mahali pale. Mashine ya kushona magunia ikiletwa, kushona kwa mkono kunazidi. Aliyekuwa akishona kwa mkono hajazidi duniani. Ana mikono ile ile, na huenda anaweza kuiendesha mashine hiyo akifundishwa wiki mbili. Ndiyo maana swali la kwanza la chama siku zote liwe: kuna kazi nyingine gani hapa hapa ambayo mtu huyu anaweza kupewa?

Kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi sheria zimeandikwa kwa Kifaransa, na hutasikia “superfluous”. Huko wafanyakazi wanasema “kompresio”, yaani kubanwa. Picha ni nyingine lakini mtu anayetoka ni yule yule: ukiikamua nguo, maji yanatoka.

Na mara nyingine picha inafichwa kabisa. Mwaka 2003 na 2004 kampuni ya madini ya Gécamines huko Katanga iliondoa zaidi ya wafanyakazi 10,000 kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Mpango huo uliitwa wa “kuondoka kwa hiari”. Wengi waliojiandikisha walikuwa hawajalipwa mishahara kwa miezi mingi. Mtu mwenye njaa akionyeshwa fedha kidogo mkononi, hiari yake ni ya namna gani? Kwa hiyo msitazame jina la mpango peke yake. Ulizeni: nikikataa, nitalipwa mshahara wangu?

“SUPERFLUOUS” ASUBUHI, “MUHIMU” JIONI

Kinyume cha neno letu ni “essential”. Nalo ni la Kilatini, kutoka “esse”, maana yake “kuwa”. Kitu “essential” ni kile ambacho bila hicho jambo lenyewe haliwezi kuwako. Kwa Kiswahili cha sheria tumezoea kusema “muhimu”.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 ilitaja huduma muhimu: maji na usafi wa mazingira, umeme, afya pamoja na maabara zake, zimamoto, na uongozaji wa ndege. Wafanyakazi wa huduma hizo wamewekewa zuio la kugoma. Sababu inayotolewa ni kwamba wakigoma watu watakufa. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, nchi nyingi zilitangaza orodha za wafanyakazi muhimu wanaoruhusiwa kutoka nyumbani. Ndani ya orodha hizo walikuwamo wafagizi wa hospitali, madereva wa malori na wauza vyakula.

Basi mfagizi wa hospitali akitaka kugoma anaambiwa yeye ni muhimu mno, hawezi kuacha kazi hata saa moja. Bajeti ikipunguzwa, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa amezidi. Hawezi kuwa yote mawili. Chama kiweke barua hizo mbili mezani, upande kwa upande, na kimwulize mwajiri achague moja.

NANI ANAPIMA NDOO?

Turudi kwenye maji. Ndoo inafurika kwa sababu moja kati ya mbili: ama maji yameongezeka, ama ndoo imepunguzwa. Mwajiri akisema wafanyakazi wamezidi, mara nyingi wafanyakazi hawakuongezeka hata mmoja. Ndoo ndiyo iliyobadilishwa. Pengine soko limeanguka, na hilo linaweza kuwa kweli. Pengine mashine imeletwa. Pengine mwenye mali anataka faida ile ile kwa mishahara michache. Kwa hiyo neno “superfluous” halijatosha mpaka tujue ndoo ilipimwa na nani, na kwa kipimo gani.

Njia moja rahisi ya kupima ni kutazama saa za ziada. Kwa Kiswahili kazi ya baada ya muda tunaiita kazi ya ziada. Kama idara ile ile inayodaiwa kuwa na wafanyakazi wa ziada bado inafanya kazi ya ziada kila Jumamosi, hesabu hiyo haikubali. Kazi ikizidi, watu hawajazidi. Chukueni daftari la ovataimu la miezi mitatu iliyopita mwende nalo mkutanoni.

Njia ya pili ni kuangalia getini baada ya mwezi. Kama waliotolewa wanarudi kama vibarua kupitia wakala, wakifanya kazi ile ile kwa malipo madogo, basi kazi yao haikuwa imezidi. Kilichozidi machoni mwa mwajiri kilikuwa ni mshahara. Andikeni majina na tarehe. Bila tarehe mbele ya msuluhishi ni maneno matupu.

SHERIA ZINATAKA NINI KWANZA

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo sababu sheria nyingi zinataka mazungumzo kabla ya watu kutoka.

Kenya, sheria ya 2007 inamtaka mwajiri akitaarifu chama cha mfanyakazi pamoja na ofisa wa kazi wa eneo, angalau mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na idadi. Asiye mwanachama ataarifiwe mwenyewe kwa maandishi. Katika kuchagua nani aondoke, mwajiri atazame muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Likizo ambayo haijachukuliwa ilipwe kwa fedha. Malipo ya kuachishwa yasipungue siku 15 kwa kila mwaka uliotimia.

Tanzania, sheria ya 2004 ilimtaka mwajiri atoe taarifa tangu anapofikiria kupunguza watu, si baada ya kukata shauri. Atoe habari zote zinazohusika. Ashauriane na chama juu ya sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi, namna ya kuchagua, wakati, na malipo. Wakishindwa kupatana, suala linaweza kupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, kisizidi miaka 10. Angalieni pia: anayekataa bila sababu ya maana kazi nyingine aliyopewa badala yake anaweza kukosa kiinua mgongo hicho.

Zambia, sheria ya mwaka 2019 iliweka malipo yasiyopungua mishahara ya miezi 2 kwa kila mwaka wa kazi.

Tufanye hesabu ya mtu mmoja aliyetimiza miaka 8. Kwa kiwango cha chini cha Tanzania ni siku 56. Kwa Kenya ni siku 120. Kwa Zambia ni miezi 16. Neno ni moja, lakini uzito wake mfukoni haufanani. Tena hivyo ni viwango vya chini tu. Mkataba wa hali bora unaweza kuweka zaidi, na kuna matawi yaliyoweka zaidi. Tawi ambalo mkataba wake hausemi lolote juu ya redandansi limeacha mlango wazi.

Kimataifa uko Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982. Unasema mfanyakazi asiachishwe bila sababu halali, na kwamba wawakilishi wa wafanyakazi wapewe habari na nafasi ya kushauriana mapema. Malawi iliuridhia mwaka 1986, Kongo ya Kinshasa mwaka 1987, Uganda na Zambia mwaka 1990. Ndugu wa nchi hizo, mkataba huo ni wenu. Utajeni kwenye meza ya mazungumzo.

BARUA IKIJA

Mkipokea barua yenye neno “superfluous”, “redundant” au jingine la ukoo huo, fanyeni mambo haya:

1. Msitie sahihi siku hiyo hiyo. Kama lazima mtie sahihi ya kupokea, andikeni “nimepokea”, pamoja na tarehe. Kupokea si kukubali.

2. Barua ipelekwe kwa katibu wa tawi, isomwe kwa Kiswahili mbele ya wote wanaohusika.

3. Ulizeni kwa maandishi: ni kazi ipi iliyozidi, tangu lini, na kwa sababu gani?

4. Ombeni orodha ya waliochaguliwa na kipimo kilichotumika. Viongozi wa chama wakiwa wengi kuliko kawaida katika orodha hiyo, hilo ni jambo la kuulizia.

5. Kila mmoja aandike tarehe aliyoanza kazi, mshahara wake wa mwisho na siku zake za likizo zilizobaki. Tunza hati za mshahara. Mwaka mmoja uliopotea kwenye karatasi ni fedha iliyopotea.

6. Msiende mmoja mmoja ofisini. Mwajiri hupenda kumwita kila mtu peke yake na kumwambia wenzake wamekwisha kubali. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lugha ya Kiingereza si adui yetu. Ni chombo, na anayekijua anakitumia. Warumi walipotazama maji yakimwagika ndooni walitafuta neno la kuyaita, wakalipata. Hawakuwa wakimsema mtu mwenye watoto shuleni na kodi ya nyumba ya kulipa mwisho wa mwezi. Waliomgeuzia mtu neno hilo ni wengine, baadaye sana. Kwa hiyo likisomwa mbele yenu msiinamishe vichwa. Ulizeni limepimwa kwa ndoo gani, na mdai kila senti ambayo sheria imeliambatanisha nalo.

Matawi ya nchi jirani yenye maneno mengine ya barua za waajiri yasiyoeleweka yatuletee, tutayaeleza hapa hapa. Umoja ni nguvu.